Nimeokoka tangu 2014, mbona hasira bado inanishinda?

Fundi Cherehani, Arusha

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina mzigo moyoni, naomba mnisaidie.

Nina kibanda cha ushonaji na binti mmoja ninayemfundisha kazi. Jumanne mteja alileta kitenge cha ndege, yadi 6, ashonewe gauni la kipaimara cha mwanawe. Nikamwachia binti akate, nikaenda kutafuta zipu. Narudi nakuta kapindua kitambaa: mbele ndege wanatazama juu, mgongoni wananing'inia vichwa chini. Nililipuka. Nilimwita mjinga, nikamwambia kwao walipoteza nauli kumleta mjini, wateja wawili wapo kwenye benchi wanasikia. Hakujibu neno. Alikuwa anakinyoosha kile kipande kwa kiganja, anarudia, anarudia.

Jioni ile nilikuwa zamu ya kuongoza maombi mtaani kwetu. Nilifungua Biblia, sauti ikagoma. Nikasingizia kifua.

Hasira hii nimeiombea, nimefunga, nimewekewa mikono mara tatu. Inatulia mwezi, inarudi. Mhubiri mmoja alitufundisha kwamba aliyezaliwa mara ya pili hawezi kuwa na mambo haya. Je, niliokoka kweli? Niache kuongoza maombi?

Babu wa Kagera

Pole sana mwanangu. Sisi tulilelewa na ndugu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaenea Uganda hadi huku kwetu. Wazee wale walikuwa na msemo wao, kutembea nuruni, wameutoa 1 Yohana 1:7. Mtu mwenye mvi anasimama mbele ya watu anasema, "Jana nimemnunia mke wangu, nimetubu." Basi wanamwimbia Tukutendereza Yesu, yaani Tunakusifu Yesu kwa Kiganda, anakaa. Nikiwa mtoto nilishangaa: huyu kaokoka kabla sijazaliwa, anatubu nini tena? Sasa nina miaka 71 na mimi natubu yaleyale ya kununa.

Soma mstari unaofuata, wa 8: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe." Yohana anawaandikia waliokwisha kuamini, na yeye mwenyewe amejihesabu humo. Kwa hiyo wokovu wako usiupimie hapo.

Ila nikuulize. Wale wazee hawakuishia kutubu kwa Mungu, walimwendea na waliyemkosea. Umesema umefunga na umeombewa. Yule binti umemwambia nini?

Mlutheri

Naongeza kidogo. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kanisa kwa hoja hizo mwaka 1517, inasema Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Maisha yote, mama. Na Paulo, miaka mingi baada ya kukutana na Yesu kwenye njia ya Dameski, tena akiwa kifungoni, anawaandikia Wafilipi (3:12): "Si kwamba nimekwisha kufika." Usiache kuongoza maombi.

Dada Mkweli

Mimi naona tofauti kidogo, dada usinielewe vibaya. Hili la "hatujafika" nimeliona likiwa mto wa kulalia. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, alitutukana miaka yote na kila Jumapili alisema Mungu anamjua udhaifu wake. Sisi ndio tuliobaki na majeraha. Neema ipo, naiamini kwa moyo wote, lakini angalia pia hasira inakujia saa ngapi. Ulikuwa umekula? Kazi zilikuwa zimerundikana? Na kwa kuwa ulimtukana mbele ya wateja, omba msamaha mbele ya wateja.

Fundi Cherehani, Arusha

Asanteni. Babu, swali lako lilinikosesha usingizi. Dada, nilikuwa sijala tangu asubuhi na nina magauni manane ya kipaimara. Pole kwa ya nyumbani kwenu.

Jana mmoja wa wale wateja alikuja kuchukua sketi. Nikamwita binti, nikasema mbele yake: nilikukosea Jumanne, maneno yale hayakuwa haki, na kwenu sikupaswa kuwataja. Akainama, akasema, "Yameisha, mama." Baadaye akaniambia alishafunga begi.

Leo mchana alivunja sindano ya mashine, nikasikia kifua kinapanda. Nikatoka nje nikasimama kwenye mwembe mpaka kikashuka. Mgongo wa gauni tumeunga kwa vipande vilivyobaki, mshono unapita katikati. Mwenyewe anakuja Jumamosi, na nitamwonyesha mshono kabla hajauona. Alhamisi naongoza maombi, mniombee.