Jigi ya kunolea gauji: ninunue ya nje ama nitengenezewe hapa Nairobi?

mkereza_dago
Wadau habari zenu, naomba ushauri kwa wale wanaokereza mbao. Nafanya bakuli za jakaranda na mukima (grevilea), pia miguu ya meza mtu akileta oda, na shida yangu sai ni kunoa. Patasi za kawaida hazinisumbui, ni hii gauji (patasi yenye bonde) ya bakuli ya nusu inchi, nikiizungusha kwa mkono kwa jiwe inatoka na kona kona, bawa moja (upande wa makali) refu kuliko lingine, na kila nikinoa umbo linabadilika yaani ni kama nimeshika chombo kingine. Nimeangalia jigi (kifaa cha kushikilia chombo pembe ileile wakati wa kunoa), ile Wolverine ya Oneway ya Kanada na Vari-Grind yake, kishikio cha gauji, nikijumlisha bei, usafiri na ushuru inapita bei ya grainda yenyewe. Kuna mtu ametengenezewa na mafundi wa hapa ikafanya kazi vizuri, ama nichange tu pesa ninunue? Grainda yangu ni ya inchi 6, kibati kinasema mizunguko 2850 kwa dakika.

chuma_na_mbao
Tengenezewa kaka. Jigi kazi yake ni kuhakikisha vitu vitatu havibadiliki: gauji imetokeza kiasi gani mbele ya kishikio (kile kinachoibana), kikombe cha chini kinachokaliwa na mguu wa kishikio kiko umbali gani na jiwe, na huo mguu umelala pembe gani. Hivyo vitatu vikirudi palepale, makali nayo yanarudi yaleyale, na jiwe haliangalii chuma kilitoka Kanada ama Kamukunji.

Nenda Kamukunji ama Kariobangi Light na mchoro mkononi. Mkono unaoteleza ufanywe na skwea tyubu (bomba la pembe nne) ya milimita 25 ndani ya 30. Ile ya 30 ikiwa na unene wa milimita 2, ndani inabaki 26, kwa hivyo ya 25 inaingia bila kuchezacheza sana. Lakini angalia ndani ya hio ya 30, kuna mstari wa weldi umejitokeza kutoka juu mpaka chini na huo ndio utafanya ikwame, kwa hivyo kata kipande kifupi kama sentimita 15 ili faili ifike kutoka pande zote mbili, ulainishe huo mstari kabla fundi hajachoma kitu kingine. Ubavuni achomelee nati, upitishe bolti ya kubana. Mwisho wa mkono weka kikombe cha umbo la V. Kishikio ni kipande cha engo laini (chuma cha umbo la L), gauji inalala kwa bonde lake na bolti inabana kutoka juu, halafu mguu wa rodi ya milimita 10 wenye ncha ya mviringo. Mguu usichomelewe moja kwa moja! ufungwe kwa bolti ili uweze kubadilisha pembe. Mkono wote ukae chini ya jiwe, katikati ya upana wake, ukienda upande hata kidogo mabawa hayatalingana.

wanjiku_bakuli
Nakubaliana na mkono lakini kishikio mimi ningenunua. Hapo ndipo usahihi wote uko, na ni kitu kidogo chepesi, kukisafirisha si kama kuleta seti nzima. Nimeona vya kuchomelea ambavyo gauji inakaa imepinda kidogo, unanoa mchana kutwa na bado bawa moja linakushinda.

Na kabla ya hayo yote badilisha jiwe. Lile la kijivu linalokuja na grainda ni gumu sana kwa HSS (chuma cha kasi kinachovumilia joto), linang'aa, linaacha kukata linaanza kuchoma. Tafuta jeupe la grit 80 (kipimo cha punje), hakikisha kasi iliyoandikwa kwa jiwe haiko chini ya 2850, na ligongegonge polepole kabla ya kulifunga, zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti ya debe. Nunua na dresa, kifaa cha kusawazisha uso wa jiwe. Kasi ya 2850 unaweza kuishi nayo ukigusa kidogo kidogo. Kama gauji zako ni HSS zikigeuka bluu usiogope, ila usizitumbukize kwa maji zikiwa moto, zinaweza kupata nyufa ndogo. Stili ya kaboni ikigeuka bluu, hapo ugumu umeenda.

mzee_wa_mvule
Vijana mmesema vizuri, niongeze moja. Usipige alama kwenye ule mkono ukasema hapa ndipo pa gauji ya bakuli. Jiwe linapungua kila unapolidresi, kwa hivyo alama ya mwezi huu mwezi ujao inakupa pembe nyingine. Kata kijiti cha mbao ngumu kwa kila gauji, urefu wake ni kutoka uso wa jiwe mpaka ndani ya kikombe, ukitaka kunoa unakiweka, unasukuma mkono mpaka uguse, unabana. Kupata huo urefu mara ya kwanza, paka beveli (mteremko wa nyuma ya makali) wino wa maka peni, zungusha jiwe kwa mkono grainda ikiwa imechomolewa kwa stima, uone wino umetoka wapi. Ukitoka kisiginoni (mwisho wa beveli ulio mbali na makali), vuta kikombe nje kidogo. Ukitoka kwa ncha, sukuma ndani. Ukitoka kote, hapo ndipo unakata kijiti.

Skrepa (ya kukwangua) na skyu (patasi ya makali ya mshazari) hazihitaji haya, meza ndogo ya kupumzishia chombo inatosha.

mkereza_dago
Asanteni sana wakubwa. Nitaanza na jiwe jeupe na mkono wa skwea tyubu, kishikio nitajaribu cha engo laini kwanza nione mabawa yanatokaje. Gauji itokeze kiasi gani mbele? na beveli nianze na digrii ngapi?

chuma_na_mbao
Kwa Vari-Grind gauji inatokeza inchi 1 na robo tatu, kama milimita 45, fuata hio hio. Toboa shimo la kina hicho kwa kipande cha mbao, ukiscrew kwa meza karibu na grainda, unaingiza ncha mpaka iguse mwisho, kishikio kikigusa mbao unabana. Beveli anza na 55, bakuli zako zikiwa za kina kirefu panda mpaka 60 ndio iweze kufika chini ikiwa bado imelalia mbao. Wanjiku, hilo la kupinda ni kweli, dawa ni kubana gauji kwa engo laini fundi akiwa anachomelea na sio baadaye.