Karafuu, mchaichai au mwarobaini: nichukue mafuta yapi?

Mche_Mmoja: Wakuu, naomba msaada wa haraka. Wadudu wamenizidi, na sitaki kurudi kwenye sumu za viwandani kwa sababu ninafuatilia cheti cha kilimo hai. Nimewekewa chupa tatu, nichague moja kabla ya Jumamosi: karafuu, mchaichai, mwarobaini. Ipi inaua vizuri?

Jembe_Butu: Zao gani? Mdudu gani? Shamba la wazi au kitalu? Umefika kwa daktari ukasema "naumwa" halafu ukanyamaza.

MamaBustani: Mwarobaini. Miaka yote situmii kingine.

Mvuke: Mama, kwa heshima, mwarobaini si wa kundi hili. Yale ni mafuta ya kukamua mbegu. Karafuu na mchaichai ni mafuta ya harufu, yanatolewa kwa mvuke na yanaondoka hewani vilevile. Karafuu ina yujenoli, inavuruga mishipa ya fahamu ya mdudu na unamwona anaanguka, ila baada ya siku moja au mbili jani halina kinga tena. Mwarobaini wenye azadirakitini, kile kiini chake cha kudhibiti wadudu, unamfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba, anakufa taratibu. Anayetaka maiti jioni hiyohiyo atasema ameuziwa feki.

MamaBustani: Haya mwalimu. Wadudu wangu hawajasoma hayo makundi, wanakufa tu.

Mche_Mmoja: Samahani wakuu. Ni nyanya, kitalu cha neti. Vijidudu vyeupe, ukitikisa mche vinaruka kama unga. Majani ya chini yananata na yameanza kuwa meusi.

Jembe_Butu: Inzi weupe hao. Bado hujasema mafuta utayachanganya na nini.

Fundi_Nozeli: Hapo kwenye kuchanganya ndipo mimi nilipoumia. Nilinunua karafuu nyanya zikianza kuchanua. Muuzaji akaniambia "vifuniko kadhaa", nami sikuuliza ni kwa maji kiasi gani. Nikamimina kwenye bomba la lita 16, nikatikisa, maji yakawa kama maziwa, nikaridhika. Sabuni sikuweka. Simu ikaita, nikaongea kama robo saa, ndipo nikabeba bomba mgongoni. Sikujua kwamba mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Ya kupikia yanaelea, haya yanazama, na bomba linavuta kutoka chini. Mistari miwili ya kwanza ilikunywa karibu mafuta matupu. Asubuhi kingo za majani zilikuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, maua yako chini. Mistari ya mwisho ilinukia vizuri sana, na inzi walikuwa palepale. Baadaye ndiyo nasikia kuna wakulima wa kilimo hai wanaotumia karafuu kuunguza magugu!

Mvuke: Pole sana. Anza na sabuni laini ya potasiamu, koroga na mafuta mpaka vishikane, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Mililita 5 kwa lita 1 ni asilimia 0.5, usianze juu ya hapo. Jaribu miche mitatu, subiri siku mbili. Puliza jioni, chini ya jani, maana ndiko wanakokaa na kutaga. Na endelea kutikisa bomba. Maji yakiwa magumu sabuni itaganda, tumia ya mvua.

Babu_Kijiti: Mnahangaika na chupa za nini? Loweka tumbaku usiku kucha, chuja, puliza. Ni mmea pia.

Jembe_Butu: Babu, nikotini ya tumbaku inatoka kwenye mmea, lakini ni sumu kali hata kwa anayepuliza. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinaikataza kwa jina. Halafu tumbaku na nyanya ni ndugu, unaweza kumletea Mche_Mmoja ugonjwa wa batobato kwenye kitalu chake.

Babu_Kijiti: Nimetumia na niko hai.

MamaBustani: Kuwa hai si cheti, Babu.

Mche_Mmoja: Mmenitisha na karafuu. Naegemea mchaichai, nipulize kila baada ya siku tatu?

Mvuke: Inawezekana, ila puliza mara nyingi hivyo na utawagusa hata wadudu wanaokula inzi wako. Na muulize mkaguzi wa cheti chako cha kilimo hai kabla hujafungua chupa. Yeye haangalii mafuta peke yake, sabuni uliyochanganyia nayo lazima iwe inaruhusiwa.

MamaBustani: Kwa hiyo sabuni ya kufulia haifai? Mimi ndiyo ninayotumia.

Mvuke: Mama…

Fundi_Nozeli: Nje ya mada kidogo: kuna aliyewahi kutoa mafuta ya mchaichai mwenyewe nyumbani? Ninao ukingo mzima.

Jembe_Butu: Majani mabichi au yaliyonyauka? Kilo ngapi? Chombo gani? Jamani, andikeni mambo kamili.