Pampu ya vakyumu kwa mashua za rimoti: ya mafundi AC au kompresa ya friji?

MashuaKibirizi (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza mashua za rimoti za faibaglasi, urefu sentimita 60, upana 18, tunashindanisha ziwani Jumapili. Mpaka sasa napaka epoksi kwa brashi kwenye kalibu na kukandamiza kwa mkono. Mashua zinatoka nzito, na kwenye kona za nyuma kitambaa kinanyanyuka na kuacha mapovu. Nataka nianze kufunika kwa mfuko na kuvuta hewa.

Nimepata mbili. Jamaa wa Mwanga anauza pampu ya mafundi AC, used, anataka laki mbili. Mwingine ana kompresa iliyotolewa kwenye friji bovu, elfu arobaini, inawaka vizuri. Ile ya AC tuliijaribu na geji yangu, mshale ukagota -0.9 ya bar (kipimo cha presha). Kwenye video naona za wenzetu zinafika -1, nikamwambia imechoka. Kanuna mpaka leo. Nichukue ipi? Umeme wa huku mnaujua, na mama watoto hataki kelele usiku.

Nundu
Ya AC mkuu. Kompresa ya friji ni kujitafutia presha bure.

FundiBaridi (Tabora)
MashuaKibirizi, kwanza kamwombe radhi huyo jamaa wa Mwanga. Geji inapima tofauti kati ya hewa ya nje na iliyobaki ndani. Hao wa kwenye video wako usawa wa bahari. Ziwa lenu liko mita 770 na ushee juu ya bahari, hewa yenyewe hapo ni kama 0.92 ya bar. Hata uvute mpaka pasibaki kitu, mshale hauwezi kupita hapo. Huku Tabora, mita 1,200, sisi tunaishia 0.88 hivi. Pampu yake nzima.

Pamoja na hayo, mimi ningechukua ya elfu arobaini. Kazi yako ni kukandamiza kitambaa kilicholowa, siyo kukausha mfumo wa AC. Ukipata -0.7 inatosha. Piga hesabu: 60 kwa 18 ni sentimita za mraba 1,080, kila moja inabebeshwa karibu kilo 0.7. Hizo ni zaidi ya kilo 700 zimekaa juu ya mashua, mkono gani utafanya hivyo? Kompresa ya friji inavuta pole pole, lakini mfuko wako ni mdogo, na kelele yake mama watoto ameshaizoea jikoni.

Utakuta mabomba matatu. Jembamba ndilo la kutolea. Manene mawili yote yanafungukia ndani ya kopo la kompresa: moja unaziba, lingine ndiyo la kuvutia. Bomba la kutolea linatema oili, liingize kwenye chupa yenye steelwool, na oili ikijaa uirudishe ndani. Soma kibandiko kabla ya kukata: kikisema R600a, hiyo gesi inawaka, kata kwa kikata bomba nje ya nyumba, usisogeze moto. Halafu kati ya mfuko na kompresa weka mtungi wa kunasa epoksi. Tone moja likiingia ndani, elfu arobaini imekwenda.

Nundu
Na umeme ukikatika ukarudi? Hiyo kompresa haiondoki ikiwa na vakyumu upande mmoja. Itanguruma tu mpaka iungue. Ndiyo maana nikasema ya AC.

FundiBaridi (Tabora)
Hapo umesema kweli, ndiyo ubaya wake mkubwa. Dawa yake ni valvu ya kuzuia hewa isirudi, ikae upande wa mfuko, na koki ndogo kati ya valvu na kompresa. Umeme ukikatika chomoa plagi. Ukirudi, fungua koki kompresa ipumue, iwashe, funga koki. Mfuko hautasikia kitu. Usiiache kwenye soketi ukalala bila kuwa na mtu wa kuiangalia.

MashuaKibirizi (Kigoma)
Asante sana fundi. Sasa vitambaa vya kuweka juu ya epoksi vinavyouzwa mtandaoni bei yake imenishinda. Na je, nikitumia rezini ya poliesta badala ya epoksi? Ni rahisi zaidi kupatikana.

FundiBaridi (Tabora)
Rezini ya poliesta ina styrene, ukiivuta sana inachemka na kukurudishia mapovu yale yale unayoyakimbia. Baki na epoksi. Juu yake weka bitana ya kitambaa cha poliesta isiyopakwa chochote, ijaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni kama inabanduka. Ya pamba itaganda moja kwa moja. Juu ya bitana, karatasi ya nailoni yenye matundu ya sindano, kisha blanketi jembamba la kupitisha hewa, ndipo mfuko. Ile laki na sitini uliyookoa, itumie kwenye utepe wa butaili wa kuzibia kingo, geji ya maana na hiyo valvu. Mifuko mingi inashindwa kwa kuvuja kwenye mikunjo, siyo kwa pampu. Kabla hujachanganya epoksi, vuta mfuko mkavu, funga, zima, angalia geji dakika kumi. Mshale ukishuka, pitisha sikio kwenye kingo, utasikia panapopiga mluzi.

MashuaKibirizi (Kigoma)
Sawa fundi. Kesho naifuata kompresa, nikitoka hapo napitia kwa jamaa wa Mwanga.