Naomba ushauri: nusu ya msingi kwenye jabali, nusu kwenye udongo, Buswelu, Mwanza

Habari zenu wakuu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, nyumba ya vyumba vitatu ya kuuza, mita 10 kwa 12. Kwa kupima na mpira wa maji, kona ya juu na ya chini zinatofautiana mita 1.6. Juu jabali linaonekana ukichimba sm 40 tu. Chini ni udongo hadi mita 1.3 ndipo sululu inagonga mwamba.

Hofu ni nyufa: jabali halishuki, udongo unashuka, ukuta unapasuka palepale vinapokutana. Kwa hiyo mitaro ya chini itafika kwenye mwamba, mawe na saruji, kisha mkanda wa zege wenye nondo nne za mm 12 kuzunguka msingi wote. Kifusi cha sakafu kitashindiliwa kila sm 15, chenye unyevu. Kumwaga tripu nzima na kukanyaga juu juu ndiko kunakozamisha sakafu.

Maswali kwa waliojenga milimani:

Jabali la juu lipasuliwe kwa moto na nyundo, au sakafu ikatwe ngazi mbili, sebule chini, vyumba juu? Ngazi zinaokoa kifusi, ila wateja wa Mwanza wanazipokeaje, hasa wenye wazee nyumbani?

Na shimo la choo? Juu halichimbiki, chini liko karibu na jirani.