Taratibu zinaandikwa hotelini, barua za onyo zinaletwa stoo!

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nafanya kazi kwenye kampuni inayosambaza vigae, masinki na rangi hapa Dar. Ofisi kubwa iko mjini, ghala liko Vingunguti. Msiniulize ni kampuni gani, sitaji, nina watoto wanasoma.

Kilichonitoa kimya ni barua ya onyo aliyoandikiwa mzee wetu wa stoo, eti "amekiuka utaratibu wa kampuni, kipengele 4.7". Mzee anayeijua ile stoo hata Tanesco wakikata umeme. Ukimwuliza vigae vya 40 kwa 40 vile vya rangi ya krimu viko wapi, anakushika mkono anakupeleka gizani mpaka kwenye boksi lenyewe. Leo ndiye mkiukaji.

Ngoja niwaambie huo utaratibu ulivyozaliwa. Mwaka jana menejimenti ilileta mshauri mwelekezi wa "kuchora michakato ya biashara na kuandika miongozo ya kazi". Wakuu wa idara wakabebwa hadi hotelini Bagamoyo. Fulana zikagawiwa, posho zikalipwa, keki ikakatwa (keki ya nini mpaka leo sijaelewa), picha zikajaa kwenye grupu la WhatsApp. Wakarudi na faili nene la jalada la bluu na bango la kubandika ukutani. Mtunza stoo hakuitwa. Dereva hakuitwa. Binti anayechapa ankara, ambaye ndiye anajua mzigo unakwama wapi na kwa nini, hakuitwa.

Mshauri mwenyewe alikanyaga Vingunguti mara moja tu, kazi ikiwa imeshakwisha, kukabidhi faili. Akamwamkia mzee, shikamoo, marahaba, vizuri tu. Mzee akamwuliza kwa upole:

"Mwanangu, mzigo ukirudi kutoka kwa mteja, naupokea kwa karatasi gani?"

"Yote yamo kwenye faili, mzee. Angalia 4.7."

"Na wa kusaini asipokuwepo?"

"Hilo mtawasiliana wenyewe ndani."

Akapanda gari akaondoka.

Haya, 4.7 inasemaje? Faili zima ni Kiingereza, ilhali pale ghalani wanaosoma Kiingereza hawazidi wawili. Mimi nawawekea kwa Kiswahili: "Bidhaa zilizorejeshwa zitashughulikiwa ipasavyo na mhusika, baada ya idhini stahiki ya mamlaka husika, kwa wakati muafaka." Basi. Kipengele chote ndicho hicho. Sasa niambieni, mhusika ni nani? Dereva? Mtunza stoo? Mtu wa mauzo? Mamlaka husika ni meneja mauzo au mhasibu? Wakati muafaka ni kabla kenta haijashushwa au baada? Aliyeandika hakujua, na hakujua kwa sababu hakumwuliza anayeshusha.

Nina hakika pia kwamba faili hilo limenakiliwa kutoka kwingine, maana 6.2 inatuagiza tukague joto la chumba cha kuhifadhia maziwa kila asubuhi. Maziwa, wakuu! Sisi tunauza vigae. Mameneja wote walisaini ukurasa wa mwisho na hakuna aliyeyaona hayo maziwa.

Bango nalo ni kituko. Mshauri alijisifu kwamba amelichora kwa BPMN. Sawa, BPMN ni alama za kuchora hatua za kazi zinazotambulika duniani, tangu 2013 zina namba yake kwenye viwango vya kimataifa vya ISO, 19510. Raha ya alama zile ni kwamba kila mhusika unamchorea mstari wake, ukiangalia unaona kazi inatoka mkononi mwa nani inaingia mkononi mwa nani. Bango letu lina mstari mmoja tu, umeandikwa "Operesheni". Halafu katikati kuna ile almasi ya maamuzi: "Je, marejesho yameidhinishwa?" Mshale wa NDIYO unakwenda kwenye "Pokea stoo". Mshale wa HAPANA haupo. Haujachorwa kabisa. Mtu ambaye hajapata idhini, kwa mujibu wa bango, anabaki amesimama hapo na kenta yake mpaka kiama.

Na ndicho kilichomkuta mzee. Kenta ilirudi kutoka Kariakoo na maboksi ya vigae ambayo mteja ameyakataa kwa sababu rangi haikulandana na aliyochukua mwanzo (walioezeka na kutandika nyumba wanajua, vigae vya toleo tofauti haviwi rangi moja hata namba ikiwa ileile). Meneja mauzo yuko Dodoma, simu haipatikani. Kenta hiyohiyo inasubiriwa ipakie mzigo wa Mbagala, na mteja wa Mbagala alishalipa, anapiga simu kila saa. Mzee angefanyaje? Alishusha, akayatenga maboksi pembeni, akaandika kwenye kaunta buku tarehe, namba ya gari, jina la mteja, idadi na sababu ya kukataliwa. Dereva akasaini.

Mwisho wa mwezi wanahesabu stoku, mfumo unasema mzigo ulishauzwa, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, imetoka, lakini maboksi yako ghalani yanawatazama. Tofauti ikaitwa ukiukaji. Sasa sikieni hii: ile kaunta buku ndiyo iliyowasaidia wahasibu kujua maboksi yametoka wapi. Wameitumia kusawazisha vitabu vyao, halafu mwenye kaunta buku wakamwandikia barua.

Nikamfuata mtu wa rasilimali watu, nikamwuliza kwa nini miongozo inaandikwa kwa lugha ya kukwepa namna hii. Jibu: "ISO ndiyo inataka." Jamani, tusidanganyane. Wanaozungumzia ISO 9001, kiwango cha usimamizi wa ubora, wakisome kwanza. Toleo la 2008 ndilo lililolazimisha mwongozo wa ubora na taratibu sita za maandishi. Toleo la 2015 liliondoa sharti hilo la mwongozo, likasema weka maandishi kwa kiasi kinachohitajika ili kazi iende kama ilivyopangwa, na kiasi hicho kinatofautiana kwa ukubwa wa taasisi, ugumu wa kazi na uwezo wa watu wake. Hakuna kipengele kinachosema uwe na faili la kumpiga nalo mtu kichwani.

Tena kuchora kazi si sayansi ya jana. Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanzia kwenye uashi, alikaa na mafundi kwenye jengo akahesabu mikono inavyokwenda kuweka tofali moja, akapunguza mijongeo kutoka 18 hadi kama 5. Mwaka 1921 yeye na mkewe Lillian wakawaonyesha wahandisi wa mitambo wa Marekani namna ya kuchora hatua za kazi kwa chati. Huyo alianza kwa kuangalia tofali likiwekwa. Wa kwetu alianza na keki.

Mnataka mfano wa nyumbani? Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Ina vipengele 19, inakaa ukurasa mmoja, inasomwa kwa sauti chumbani kabla mgonjwa hajapewa ganzi, kabla kisu hakijapita, na kabla mgonjwa hajatolewa. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, moja iko Ifakara, hapa hapa Morogoro. Matokeo yakatoka 2009: vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Ukurasa mmoja! Sisi kupokea boksi la vigae lililorudi tumeshindwa na faili zima.

Na msije mkasema napinga utaratibu. Nautaka kuliko wao. Mimi, mzee na yule binti wa ankara tuliwahi kufuata delivari noti moja tangu inachapwa mpaka inarudi na saini ya mteja, tukaandika kila inapolala. Kupakia na kupeleka ni saa chache. Kusubiri saini mezani kwa mhasibu, kwa mzigo ambao pesa yake imeshaingia benki, ni mpaka kesho yake. Halafu tunalaumiwa madereva wanachelewa na foleni ya Tazara!

Hata hayo marejesho tuliyaandika kwa Kiswahili cha kueleweka. Dereva anarudi na delivari noti ambayo mteja ameandika idadi aliyokataa na sababu, akasaini. Mtunza stoo anahesabu mbele ya dereva, anajaza fomu ya marejesho nakala tatu, wote wawili wanasaini. Mzigo unakaa sehemu ya marejesho, hauchanganywi na wa kuuza. Nakala moja inakwenda kwa mhasibu siku hiyohiyo ili arekebishe mauzo. Meneja mauzo anaamua ndani ya siku mbili kama mteja anabadilishiwa au anarudishiwa pesa, asipokuwepo anaamua msaidizi wake. Idadi isipolingana na delivari noti, mzigo unatengwa na mhasibu anapigiwa simu kabla dereva hajaondoka. Mtu aliyeanza kazi leo anasoma anaelewa. Tulipeleka kwa meneja, akasema tumpe mshauri. Mshauri mkataba wake ulishakwisha.

Sasa upande wa sheria. Kanuni za Utendaji Bora chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kanuni ya 12, zinataka anayepima kama mtu ameachishwa kwa haki kwa kosa la nidhamu aangalie kama kanuni aliyovunja ni ya busara, iko wazi bila utata, na kama mfanyakazi aliifahamu au alitarajiwa kuifahamu. Najua hapo wanazungumzia kuachishwa, na mzee ana onyo tu. Lakini sote tunajua barua hizi huwa zinakusanywa kwa ajili ya nini, hasa mtu akikaribia kustaafu.

Wanasheria na watu wa rasilimali watu mliomo humu, naomba msaada. Wanataka mzee asaini nakala ya barua. Akisaini kuipokea tu, anaweza kuandika palepale kwamba hakubaliani nayo? La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wameambatisha karatasi ya mahudhurio ya mafunzo ya faili la bluu, jina lake limo na saini ipo. Siku hiyo mzee alikuwa na sisi anashusha kontena tangu asubuhi, kaunta buku inaonyesha, na saini ile si yake. Hapo tunaanzia kwa mwajiri, kwa chama cha wafanyakazi, au moja kwa moja CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi?