Mjadala: Charlemagne anastahili kuitwa baba wa elimu ya Ulaya?

Mleta mada

Wakuu, habari za leo. Naleta mada hii tuijadili kwa hoja, tuweke ushabiki pembeni.

Mji wa Aachen, Ujerumani, hutoa tuzo yenye jina la Charlemagne kwa watu waliofanya kazi ya kuiunganisha Ulaya. Ilianza kutolewa mwaka 1950. Mfalme huyo wa Wafranki, watu waliotawala Ufaransa ya leo na maeneo jirani, alitawala kuanzia 768 hadi alipofariki 814, na sifa anayopewa ni kwamba aliikuta Ulaya Magharibi gizani, akafungua shule, akaokoa vitabu, akafufua sanaa. Nauliza: sifa hiyo ni ya kwake?

Msimamo wangu ni kwamba kazi ilifanyika kweli, tena kubwa kuliko wengi wanavyodhani, lakini mfalme ametwishwa sifa za watu wengine, na vitabu vimetumika kufunika damu aliyoimwaga.

Angalia herufi ndogo hizi unazosoma sasa hivi. Kabla ya wakati ule kila eneo la Wafranki lilikuwa na mwandiko wake, herufi zimekumbatiana, maneno yamebanana, kiasi kwamba mtawa aliyeletewa kitabu kutoka mbali alihangaika nacho. Katika monasteri ya Corbie, kaskazini mwa Ufaransa, chini ya abati (mkuu wa monasteri) Maurdramnus (772–781), wanakili walikuwa tayari wanaandika Biblia kwa mwandiko mpya: wa mviringo, safi, kila herufi inasimama yenyewe. Mwandiko wa namna hiyo ukaenea karibu himaya nzima. Karne ya 15 wasomi wa Italia waliukuta katika vitabu vya zamani, wakadhani ni mwandiko wa Warumi wenyewe, wakauiga, na wachapaji wakaupokea kutoka kwao. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, lakini tangu kilipoingia kwenye herufi za Kirumi, kinatumia umbo lililotengenezwa na wanakili wale.

Halafu kuna vitabu vyenyewe. Vitabu vya Kilatini vilivyobaki kutoka miaka yote kabla ya 800, pamoja na vipande, ni takriban 1,800. Vya karne ya 9 peke yake ni karibu 7,000. Nakala za zamani kabisa tulizonazo za mshairi Mrumi Lucretius, na za jemadari Mrumi Caesar akisimulia vita vyake vya Galia (Ufaransa ya leo), ni za karne hiyo ya 9.

Ila Corbie haikungoja amri ya ikulu. Alcuin, msomi mkuu wa ikulu, alikuja na elimu aliyoipata York, Uingereza. Paul the Deacon na Peter wa Pisa walitoka Italia, Theodulf alitoka Hispania. Wote walifika wakiwa wameshaiva. Na mwaka 782, karibu na wakati Alcuin alipojiunga na ikulu, kumbukumbu za Wafranki wenyewe zinasema Wasaksoni 4,500, watu wa kaskazini mwa Ujerumani aliokuwa akipigana nao, waliuawa Verden kwa siku moja kwa amri ya mfalme huyuhuyu. Hizo ni habari walizoziandika watu wake, si maadui zake.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, lakini umemdhulumu mzee. Wasomi kutawanyika York, Pavia na Hispania, kila mmoja na kitabu chake, ndiyo hali iliyokuwepo kabla yake, na isingezaa kitu. Yeye ndiye aliyewaita, akawapa monasteri za kuwalisha, akawasukuma. Soma agizo lake la mwaka 789: kila monasteri na kila makao ya askofu wawe na shule ya kuwafundisha watoto wa kiume kusoma, wafundishe zaburi, nyimbo, hesabu za kalenda na sarufi, na vitabu visahihishwe, kwa sababu watu wanataka kumwomba Mungu vizuri lakini wanaomba vibaya kwa kutumia vitabu vyenye makosa. Tena agizo linataka wachukue watoto wa watu huru pia, wasiishie kwa watoto wa watumwa. Maana yake watoto wa watumwa walikuwa tayari ndani! Theodulf alipokuwa askofu wa Orléans aliwaagiza mapadri wafundishe watoto vijijini bila kudai malipo.

Jambo lingine ni gharama. Biblia moja kubwa iliyonakiliwa katika monasteri ya Tours, Ufaransa, ilikula ngozi za kondoo zaidi ya 200. Bila nguvu ya mfalme ngozi hizo zingetoka wapi?

Na mwenyewe alitamani elimu. Einhard, aliyeishi naye ikulu, anasema aliweka vibao vya kuandikia chini ya mto wake ili ajizoeze kuumba herufi akipata nafasi. Hakufika mbali kwa sababu alianza umri umekwenda. Mtu wa aina hiyo ninamheshimu.

Mchangiaji wa pili

Umeuliza ngozi zingetoka wapi. Zilitoka kwa watu kama Bodo.

Bodo alikuwa mkulima kwenye ardhi ya monasteri ya Saint-Germain-des-Prés, karibu na Paris. Tunamjua kwa sababu abati Irminon aliagiza daftari la mali yote ya monasteri mwanzoni mwa karne ya 9. Humo yumo Bodo, mkewe Ermentrude na watoto wao 3, na kila wanachodaiwa: fedha, divai, mbao, siku za kulima shamba la bwana, kuku 3 na mayai 15. Elimu ileile iliyosahihisha zaburi ndiyo iliyohesabu mayai ya maskini. Alcuin mwenyewe, alipobishana na Askofu Elipandus wa Toledo, alitupiwa shutuma kwamba ana watumwa 20,000. Yalikuwa maneno ya mpinzani, sawa, lakini monasteri ya Tours aliyopewa mwaka 796 ilikuwa miongoni mwa tajiri zaidi katika ufalme.

Tusiite elimu ya Ulaya kitu ambacho Bodo alikiona kwenye orodha ya madeni tu.

Mchangiaji wa tatu

Mnasahau kile kisa cha mfalme kutembelea shule, akawaweka watoto maskini wenye bidii mkono wa kulia na watoto wa wakubwa walio wavivu mkono wa kushoto, akawafokea. Nilikisoma shuleni. Hicho kinaonyesha moyo wake.

Mleta mada

Ndugu wa tatu, kisa hicho kilisimuliwa na mtawa Notker wa Sankt Gallen katika miaka ya 880, mfalme akiwa kaburini miaka 70 na ushee. Kinaonyesha watu walivyopenda kumkumbuka. Ushahidi wa alichofanya hicho si.

Mchangiaji wa kwanza, hoja ya watoto wa watumwa ni nzito, nami naiongezea. Ebbo alizaliwa na wazazi watumwa, akasoma ikulu, akawa askofu mkuu wa Reims mwaka 816. Injili iliyotengenezwa kwa ajili yake ipo hadi leo Épernay. Mtazameni Mathayo humo: ameinamia kitabu, nyusi zimekunjamana, nywele kama zimepigwa na upepo, mikunjo ya vazi inakwenda mbio, hata vilima nyuma yake vinatikisika. Kwangu mimi ni mchoro wenye uhai kuliko wowote ninaoujua wa karne ile. Lakini Ebbo alipoanguka kisiasa, Thegan, kiongozi wa kanisa aliyetoka ukoo mkubwa, alimwandikia kwamba mfalme (Louis, mwana wa Charlemagne) amekufanya huru lakini kukufanya mtu wa ukoo bora haiwezekani. Mlango ulifunguka kidogo, na waliokuwa ndani hawakupenda.

Kuhusu Verden nataka tuwe waangalifu pande zote mbili. Mwaka 1935 utawala wa Hitler ulisimamisha mawe 4,500 pale Verden, ukawalilia Wasaksoni kwa malengo yake mabaya. Kumlaani Charlemagne pekee hakumfanyi mtu kuwa mwema. Tena ukosoaji ulikuwepo tangu wakati ule. Mwaka 796 Alcuin alimwandikia Meginfrid, mtu wa karibu wa mfalme, kwamba imani inatokana na hiari, mtu unaweza kumlazimisha abatizwe lakini huwezi kumlazimisha aamini, na mwaka huohuo akamwandikia Arn, askofu wa Salzburg, kwamba fungu la kumi ndilo lililoharibu imani ya Wasaksoni. Aliyaandika hayo huku akila mkate wa mfalme. Ndiyo elimu ninayoitetea hapa.

Kwa hiyo mimi tuzo ningeiacha iendelee, jina ndilo ningelibadilisha. Kuna mabuku 3 ya Augustino kuhusu zaburi, yaliyonakiliwa kwa ajili ya Askofu Mkuu Hildebald wa Köln, na ndani yake wanakili waliandika majina yao. Ni wanawake. Wataalamu wanaamini walikuwa watawa wa Chelles, monasteri iliyoongozwa na Gisela, dada wa mfalme. Tuzo ingeitwa kwa jina la Chelles. Anayepinga alete hoja.