Ufadhili wa ada ya uanachama AFP: nani kashapita njia hii?

Kutoka: Dada wa Masasi (Columbus, Ohio)

Shikamooni wakubwa, rika langu mambo vipi. Boksi nimeshaliweka chini, alhamdulillah. Sasa niko kitengo cha uchangishaji kwenye shirika linalogawa chakula kwa wasio nacho. Bosi kanitumia tangazo kwamba tawi la AFP la hapa, yaani chama cha wachangishaji fedha wa taaluma, linawalipia wanachama wapya wachache ada ya mwaka wa kwanza. Wanataka CV, barua ya mwajiri na insha mbili: uanachama utakusaidia nini, na wewe utalisaidia nini tawi. Naandika, nafuta. Kwetu mtu akiomba anaeleza shida zake, basi. Hawa wanataka shida au wanataka nijisifu?

Kutoka: Mama Mikindani (Minneapolis)

Marahaba mwanangu. Hawataki shida wala sifa. Nimekaa kwenye kamati ya ufadhili ya tawi letu, na maombi mengi yanayoanguka ni ya watu wazuri tu walioandika "mimi ni mchapakazi, napenda kuisaidia jamii". Sentensi hiyo wanayo wote, sasa tukuchague wewe kwa lipi? Matawi yanaendeshwa na watu wa kujitolea. Wakikulipia ada wanataka uonekane vikaoni, na mwakani ikibidi ulipe mwenyewe usiyeyuke.

Kwa hiyo insha ya pili ndiyo yenye uzito. Taja kamati unayoitaka na kazi utakayoifanya. Tarehe 15 Novemba ni Siku ya Taifa ya Hisani huku Marekani, na matawi mengi huandaa hafla ya kuwatunza wafadhili majira hayo. Watu wa kupokea wageni na kupanga meza hawatoshi hata siku moja. Andika kwamba utakuwepo. Mimi nikisoma hivyo nakuona kabisa umesimama mlangoni na orodha mkononi.

Insha ya kwanza ianze na kitu kinachokushinda kazini sasa. Mathalani mna wachangiaji waliotoa mwaka juzi wakapotea, na hujui uwarudishe vipi. Sema hivyo, halafu sema ni mafunzo gani ya tawi yanagusa jambo hilo. Yako kwenye ratiba yao, isome kwanza.

Nimeiona CV uliyoambatanisha. Ule ukarani wa AMCOS Tandahimba umeutoa kwa nini? Urudishe! Mkulima analeta gunia msimu wa korosho, unapima, unaandika, unamkatia karatasi yake. Baada ya mnada anarudi na karatasi ileile imekunjwa mara nne, anataka kujua kila shilingi iliyokatwa imekwenda wapi, na hatoki mpaka aelewe. Mtu aliyeyaweza hayo anaweza kukaa mbele ya mfadhili yeyote. Ila usiandike AMCOS peke yake, Mmarekani hataelewa. Andika chama cha ushirika cha wakulima, ueleze kazi yenyewe.

Na ule uweka hazina wa michango yetu ya matanki ya maji ya mvua kule Newala nao uingie. Weka namba zako za kweli: wangapi waliahidi, wangapi walipunguza ahadi, wangapi walimaliza, na taarifa ulizituma vipi. Majina ya waliotoa usitaje hata moja. Maadili ya AFP yanasema taarifa za wachangiaji ni mali ya shirika, na ukijiunga unasaini kuyafuata. Kuna mwombaji alijipamba kwa majina ya matajiri wa mji mzima. Tulimweka pembeni kwa hilo tu.

Kabla hujatuma, uliza mambo mawili. Ada ina sehemu ya makao makuu na sehemu ya tawi: wanalipia zote? Pili, uanachama utakuwa wako au wa shirika? Ukiwa wako unahama nao kazi. Wa shirika unabaki na shirika. Wewe omba wako.

Kutoka: Njomba wa Lindi

Mimi sipo ughaibuni, nipo Lindi mjini, nawasoma tu. Asasi yetu ndogo imepata mtaalamu anayetaka asilimia kumi ya kila ruzuku atakayotuletea. Anasema ndivyo wanavyolipana huko kwenu. Kweli?

Kutoka: Mama Mikindani

Njomba, mwanachama wa AFP haruhusiwi. Chama kilianzishwa mwaka 1960, kanuni za maadili zikapitishwa 1964, na kulipwa kwa asilimia ya michango kumekatazwa wazi, pamoja na ile "cha juu" ya kumkutanisha mtu na mfadhili. Mshahara sawa, malipo ya kazi mliyokubaliana sawa, hata bonasi inakubalika kama ni utaratibu wa kawaida wa shirika na haihesabiwi kwa asilimia. Tuseme mfadhili ametoa fedha za madawati. Hakutoa za huyo bwana. Tena mwenye asilimia atawabana wafadhili watoe leo, kesho wasitake hata kupokea simu zenu. Mwambieni ataje bei ya andiko moja la kuomba ruzuku, mlipe kutoka mfuko wenu, mpate au mkose. Akikataa, mmeshamjua.

Kutoka: Mjomba wa Nachingwea (Leicester)

Huku Uingereza AFP siyo wenye uwanja. Chama chetu ni Chartered Institute of Fundraising. Kabla ya 2020 kiliitwa Institute of Fundraising tu. Walio huku waanzie hapo. Halafu Mama Mikindani, ming'oko uliyoahidi naisubiri tangu Ramadhani. Hiyo nayo ni kupunguza ahadi.

Kutoka: Dada wa Masasi

Ahsante sana Mama. Bosi amekubali kusaini barua, ila anasema niiandike mwenyewe. Na vikao vya tawi ni vya mchana, katikati ya wiki. Halafu nimeona kuna CFRE, niombe vyote pamoja?

Kutoka: Mama Mikindani

CFRE iache kwanza. Ni cheti chenye mtihani, kinatolewa na taasisi nyingine, na lazima uwe na miaka kadhaa kazini. Mafunzo ya tawi yatakuhesabia pointi huko mbele. Ukishakuwa mwanachama uliza pia kuhusu Chamberlain, ufadhili wa wanaohudhuria mkutano mkuu wa AFP kwa mara ya kwanza.

Barua andika wewe, lakini sentensi moja lazima iwe ya bosi kwa maneno yake: kwamba atakuruhusu kutoka kwenda vikaoni kwa muda wa kazi. Bila hiyo kamati itakuuliza, nawe hutakuwa na jibu. Mwambie leo, kabla hajabadilisha mawazo, kisha nitumie insha zote mbili nizipitie. Njomba, huyo mtaalamu amesemaje?